Lie, stand, sit: vitenzi vya mahali visipozungumzia mwili

Mkuu, umeuliza kwa nini "The problem is lying in the pump" na "The blame laid with him" zimepigwa mstari mwekundu. Ni makosa mawili tofauti.

La kwanza ni -ing. Mbwa akijilaza chini ya meza, "The dog is lying under the table" ni sawa, maana muda si mrefu atainuka. Tatizo halijilazi wala haliinuki, kwa hiyo "The problem lies in the pump". Linganisha na -mo yetu: tatizo limo kwenye pampu. Hakuna -na- pale ndani, na huko Kiingereza nako hakuna -ing.

Angalia pia kihusishi kinachofuata. Chanzo cha jambo huchukua in. Mwenye dhamana huchukua with: "The decision lies with the manager", yaani uamuzi ni wa meneja. Sababu iliyofichika huchukua behind. Usigeuze ukaandika "The manager lies with...", kwa kuwa mtu akiwa kiima, hicho ni Kiingereza cha zamani cha kulala na mtu kitandani.

Kosa la pili linawashika hata Waingereza wenyewe. Lie, lay, lain ni kulala au kuwapo. Lay, laid, laid ni kulaza au kuweka kitu. Lie, lied, lied ni kudanganya. Jiulize: "aliweka nini?" Jibu likiwapo kwenye sentensi, tumia laid: "They laid the blame on him." Lisipokuwapo, wakati uliopita ni lay: "The blame lay with him."

Stand ina mitego yake. Ikibeba tarakimu huchukua at: "The debt stands at 4 million shillings", deni kwa sasa ni milioni 4. Hiyo ni picha ya mnato, haisemi limepanda au limeshuka. Likipanda andika "rose to". Ikifuatwa na to na kitenzi, maana inahama kabisa: "We stand to lose the deposit" ni kwamba mambo yakienda hivi, amana yetu huenda ikapotea. Hakuna anayesimama popote.

Sit ni rahisi kwetu. Bunge linakaa, "Parliament sits". Afisa amekalia faili, "He is sitting on the file", na hapo -ing inaruhusiwa kwa sababu tunatarajia siku moja ataliachia. Ila "She sits on the board" haina lawama yoyote, ni mjumbe tu wa bodi. Na "nakaa Temeke" ni "I live in Temeke". Ukisema "I sit in Temeke" utaulizwa kiti kiko wapi.

Anayetafsiri hati za mahakama awe macho zaidi. "An appeal lies to the Court of Appeal" maana yake sheria inaruhusu rufaa kupelekwa Mahakama ya Rufani. Ukiandika "rufaa imelala" umeigeuza juu chini, kwani kwetu jambo lililolala ni lile lililokwama.