Lita 1,000 za kwenye boksi na zile zinazofika tangini

Mkuu, umeuliza kama umepigwa: filta yako ya kanista (ile ndoo iliyofungwa inayokaa nje ya tangi na kuchuja maji yanayoingia na kutoka kwa mipira miwili) imeandikwa lita 1,000 kwa saa, tangi lako la samaki ni la lita 200, ukategemea maji yazunguke mara 5 kwa saa, na sasa hata majani ya mimea hayatikisiki. Hujapigwa. Namba ile ni ya pampu. Kwa kawaida watengenezaji huipima ikiwa tupu, bila sponji wala kauri ndani, na bila mzigo wowote mbele yake. Ukishajaza vikapu, ukaunga ile mipira miwili na bomba la matundu (linalomwaga maji tangini) mwishoni, pampu ni ile ile lakini kazi imekuwa nyingine.

Kabla hujafungua chochote, pima. Unahitaji ndoo yenye alama ya lita 10 na saa ya simu. Mimi mara ya kwanza niliiweka ndoo sakafuni nikatumbukiza mpira wa kurudishia maji humo humo. Ikajaa kwa sekunde 31. Nikapiga hesabu: zaidi ya lita 1,100 kwa saa, kuliko hata boksi! Nikatembea kifua mbele siku nzima. Kumbe mdomo wa mpira ukiwa chini ya usawa wa maji ya tangi, maji yanashuka yenyewe, na pampu inabebwa. Funga mdomo wa mpira wa kurudishia usawa ule ule wa uso wa maji ya tangi, maji yaanguke ndooni kutokea hapo. Kisha gawanya 36,000 kwa sekunde ulizopata, hizo ndizo lita zako kwa saa. Na kwa kuwa bomba la matundu umeshaling'oa, jua kwamba hata jibu hilo limependelewa kidogo.

Yangu nayo ni ya 1,000. Ikiwa mpya na tupu, sekunde 43, yaani kama lita 837. Nilipoweka sponji, kauri na pamba laini juu, sekunde 58: lita 620. Miezi mitatu baadaye, sekunde 92. Lita 391, na filta haijaharibika popote.

Hapo kila mtu hukimbilia sponji, nami nilikimbilia. Nikaikamua kwenye maji niliyoyatoa tangini (ya bomba yenye klorini yanaua bakteria wanaosafisha maji), nikabadilisha pamba, nikapima: 84. Nilinuna. Jioni ndipo nikatazama mipira. Kwa nje ilikuwa na kivuli cha kahawia ambacho nilikuwa nimeshakizoea. Nikapitisha brashi ndefu ya waya, na ukoga ukatoka upande wa pili kama uji, vipande kwa vipande, ukajaza karai. Nikarudishia: sekunde 66! Mpira wenye tundu la milimita 12 ukipata ukoga wa milimita 1 tu kuzunguka ndani, tundu linabaki 10, na ukinzani kwa maji yale yale unazidi mara mbili. Ndiyo maana mpira mwembamba haukusamehe. Mwisho nikachomoa rota (kile kipande chenye sumaku kinachozunguka ndani ya pampu), nikafuta utelezi kwenye sumaku na kwenye tundu inamokaa, nikafika 61. Zile 58 za mwanzo sijaziona tena, na nimeshaacha kuzitafuta.

Kuhusu ushauri uliopewa na wengine wa kuinua kanista juu ya stuli ili pampu isipandishe maji umbali mrefu, hapana. Mipira yote miwili imejaa maji na ncha zote mbili zimo tangini, hivyo uzito wa maji yanayoshuka unasawazisha uzito wa yale yanayopanda. Pampu inapambana na msuguano, yaani urefu wa mpira, kona zake, na uchafu. Ukiinua kanista halafu ukakata mpira uliozidi, utaona nafuu, ila itakuwa imetokana na ule mkasi. Kimo kinahesabika pale tu maji yanapotokea juu ya uso wa maji ya tangi.

Halafu usifurahie kila mtiririko mkubwa. Niliwahi kupata kasi nzuri sana wiki nzima huku maji yakizidi kuwa na ukungu. Kikapu cha chini hakikukaa vizuri, maji yalikuwa yanapita pembeni bila kugusa sponji. Kasi ilikuwa nzuri kwa sababu hakuna kilichokuwa kinachujwa.

Je, lita 500 au 600 zinatosha tangi la 200? Kwa bakteria, zinatosha kabisa, mradi hujasongamanisha samaki. Kanista ya Eheim 2213, ambayo watu wameitumia miaka na miaka, pampu yake imeandikwa lita 440 kwa saa na imekusudiwa matangi ya hadi lita 250. Hata kwenye karatasi haifiki mara 2. Kama unataka majani yacheze, tia pampu ndogo ya kuzungusha maji ndani ya tangi, uiache kanista ichuje. Na siku ukitaka kupunguza kasi, bana valvu ya upande wa kutolea. Ukibana upande wa kuvutia, pampu inanyimwa maji na itaanza kukoroma.

Kwa hiyo anza na ndoo, kisha mipira, kisha rota, sponji mwisho. Ukimaliza weka hapa sekunde zako za kabla na baada, na kipenyo cha mpira wako pia, maana nina wasiwasi ni ule wa 12.