Usiguse Kete Kabla Hujajua Kinachokushinda

Fumbo lililonifundisha kufikiri kwenye sataranji lina kete nne tu. Mfalme mweupe yuko h8 (herufi ni safu ya wima, namba ni mstari wa ubao), askari wake c6. Mfalme mweusi yuko a6, askari wake h5. Weupe wanaanza, na wanatakiwa kupata sare. Alilitunga Richard Réti, mchezaji mashuhuri wa sataranji, mwaka 1921, na kwa mtu anayetaka kuanza kutatua mafumbo ya mwisho wa mchezo, mimi humpa hili kabla ya jingine lolote.

Mara ya kwanza nililipanga ubaoni usiku, nikaanza kusukuma kete. Mfalme akimkimbilia askari wa h kwa kunyooka, hampati. Nikisogeza askari wangu mbele, mfalme mweusi anaingia b7 na kumla. Nilirudia hayo hayo kwa saa nzima, kisha nikafungua programu kwenye simu. Jibu likatoka papo hapo. Nikaliona, nikalikubali, nikalala. Wiki mbili baadaye nikalipanga tena na sikuweza kulitatua.

Hapo ndipo nilipobadili utaratibu. Sasa napanga kete, naondoa mikono ubaoni, nachukua daftari. Kwa kila jaribio linaloshindikana naandika sentensi moja kamili ya kueleza sababu. Si "haiwezekani", bali: "Mfalme wangu amechelewa hatua mbili kumkamata askari wao." Halafu ya pili: "Mfalme wao anahitaji hatua mbili kumla askari wangu, na mimi nahitaji nne kufika kumlinda."

Ukishaandika hivyo, swali la kweli linajitokeza lenyewe. Kazi ni mbili, kila moja nimechelewa. Je, kuna njia inayozifanya zote kwa wakati mmoja?

Ipo, na ndiyo iliyonifanya niyapende mafumbo haya. Mfalme anashuka kwa mshazari: g7, f6, e5. Kwenye ubao, kutoka h8 kushuka mistari minne ni hatua nne, uwe umenyooka au umepinda. Kwa hiyo kupinda hakumgharimu chochote, na kila hatua inamsogeza karibu na askari wote wawili. Mweusi akisukuma askari h4, kisha akamleta mfalme b6, mfalme wetu anasimama e5. Akimla askari wa c6, tunakwenda f4 na kumkamata wa h. Akiendelea kumkimbiza askari wake, tunaingia d6, tunasukuma c7, na askari wa kila upande anafika mwisho wa ubao na kugeuka malkia. Sare.

Niliposhindwa mara ya pili, sentensi hizo mbili hazikuwepo. Ndiyo maana nakusihi usifungue programu kabla hujaweza kutamka kinachokushinda. Ukitamka halafu ukaangalia jibu, halitakutoka.

Jambo jingine: mchezee mpinzani kwa nia safi. Wengi wetu tunampa mweusi hatua dhaifu kwa sababu tunatamani wazo letu lifaulu. Geuza ubao, kaa upande wake, tafuta kwa bidii namna ya kuliharibu wazo lako. Na usikimbilie wingi. Fumbo moja kwa wiki, lililokaa kichwani ukiwa kwenye daladala au ukipika, linatosha kabisa.

Uwezo huo wa kutilia shaka umewahi kuzaa makubwa. Mwaka 1895, huko Glasgow, Uskoti, Georges Barbier alichapisha gazetini mpangilio akisema ni sare. Padri Mhispania aliyeishi mjini humo, Fernando Saavedra, hakuridhika. Akatafuta, akaona kwamba weupe wanashinda.

Panga mwenyewe, kwa sura inayozoeleka leo: mfalme mweupe b6, askari c6, mfalme mweusi a1, ngome d5. Weupe wanaanza. Ngome itamsumbua mfalme wako kila hatua, na kila mraba utakaokimbilia una sababu yake, ziandike. Ile sare iliyodhaniwa ilitegemea askari kugeuka malkia na mfalme mweusi kukosa pa kwenda bila kutishwa. Ukifika hatua ya sita ya weupe, simama hapo kwa muda mrefu.