Usikimbie hizo kilomita 5 kesho asubuhi: anza kwa mwendo wa salamu

Usitoke kesho kukimbia kilomita 5 kama ulivyopangiwa. Umeeleza kwamba umehamia Njombe kutoka Dar es Salaam, kwamba hujakimbia tangu ulipomaliza shule, na kwamba mwenzako kazini amekushauri ukimbie umbali huo kila siku kwa nguvu zako zote "mpaka kifua kiwake moto", kwa sababu eti baridi ya Juni haimfai mtu anayekwenda polepole. Umeuliza pia kama baridi itakuletea nimonia. Dada yangu, hayo ya kifua kuwaka moto niliambiwa na mimi, karibu neno kwa neno, miaka 4 iliyopita, na yalinigharimu miezi 5 na mfupa wa muundi.

Nilianza katikati ya Juni, kabla jua halijachomoza, nikiwa na kundi la watu 9 chini ya mtu aliyejiita kocha na kututoza ada ya kila mwezi. Tulishuka kwa lami ya kuelekea Makambako mpaka karibu na maporomoko ya Ruhuji, kisha tukarudi tukipanda, naye akitufuata kwa pikipiki huku akipiga kelele kwamba bingwa hatembei. Furaha niliyoipata asubuhi zile ilikuwa ya kweli, wala siikani. Ukungu ulikuwa umelala bondeni hivi kwamba nilisikia viatu vya mwenzangu wa mbele kabla sijauona mgongo wake, na nilipofika nyumbani na kuvua sweta mlangoni, mvuke ulinitoka mabegani kama sufuria iliyofunuliwa.

Wiki ya tatu kifua kiliacha kuwaka, nikaamini kwamba nimeshaiva. Hapo ndipo nilipopotea, na hapa nakuomba usome taratibu. Moyo, mapafu na misuli huanza kuzoea mbio ndani ya wiki chache, lakini mifupa na kano huhitaji miezi. Tena, mfupa unapopata mzigo mpya, mwili huondoa kwanza sehemu zilizochoka ndipo ujaze mfupa mpya, kwa hiyo kuna kipindi ambapo mkimbiaji mgeni tayari ana pumzi ya kutosha kujiumiza, ilhali mfupa wake bado uko katika matengenezo. Mimi nilikuwa katika kipindi hicho hasa nilipoanza kusikia maumivu upande wa ndani wa muundi, mahali padogo panapofunikwa na kidole gumba. Mwanzoni yaliuma nikikimbia tu. Baadaye yakauma nikishuka ngazi. Mwishowe yakawa yananiamsha usiku.

Nilimweleza kocha, akaniambia kwamba mguu unazoea. Nilikwenda kupiga eksirei, na picha haikuonyesha kitu, naye akaichukua picha hiyo akawaonyesha wenzangu kuwa ushahidi kwamba nadeka. Kila anayeanza kukimbia anapaswa kujua kwamba ufa mwembamba wa mfupa uliochoka mara nyingi hauonekani kwenye eksirei katika wiki za mwanzo, kwa hiyo picha safi haimaanishi mguu mzima. Sikulijua hilo, nikakimbia wiki 2 zaidi. Asubuhi moja, katikati ya kile kilima cha kurudi mjini, mguu ulikataa kukanyaga. Nilikaa kwenye nyasi zilizojaa umande, nikitetemeka kwa jasho lililopoa, mpaka kijana wa bodaboda aliponivisha koti lake na kunirudisha nyumbani. Picha ya pili ilionyesha mfupa uliovimba kuzunguka ufa. Nilitembelea magongo kwa wiki 6, nikalipa vibarua wachimbe viazi ambavyo ningevichimba mwenyewe, na sikukimbia tena hata hatua 10 mpaka Januari.

Kocha yule kutojua naweza kumsamehe. Lisilonitoka moyoni ni kwamba kabla yangu watu 2 wa kundi lile waliacha kwa maumivu ya mahali palepale, naye akatuambia kwamba ni wavivu. Aliona, akapokea ada, akanyamaza. Mtu anayekutajia mabingwa ili ukimbie hovyo akumbuke kwamba Alphonce Simbu hakuijenga miguu iliyompa ubingwa wa dunia wa marathoni Tokyo mwaka 2025 kwa mwezi mmoja wa kifua kuwaka. Kule Iten, Kenya, ambako wakimbiaji wengi hujinoa katika mwinuko wa mita 2,400 hivi, siku za mazoezi mepesi makundi huanza asubuhi kwa mwendo wa pole kiasi kwamba mgeni hudhani bado wanasubiriana.

Kanuni yangu ni moja: kimbia kwa mwendo unaokuwezesha kumaliza salamu. Njombe salamu si fupi, nawe utajifunza. Ukikutana na mama anayekwenda shambani, mwambie "Kamwene", umuulize habari za nyumbani, za watoto na za baridi, umjibu na yake yote, bila kukata sentensi kwa kuhema. Ukishindwa, unakwenda mbio kupita kiasi, hata kama saa yako inasema unajikokota. Kumbuka pia kwamba umetoka usawa wa bahari kuja mji ulio karibu mita 2,000 juu yake, kwa hiyo pumzi zitakuisha mapema kuliko ulivyozoea.

Kuhusu nimonia, husababishwa na vimelea, si na baridi yenyewe. Ila hewa baridi na kavu ikivutwa kwa kuhema sana kwa mdomo hubana njia za hewa na kuleta kikohozi, na mwenye pumu aonane na daktari kwanza. Dawa yake ni ileile, kwani kwa mwendo wa salamu unaweza kuvuta hewa kwa pua, ambayo huipasha joto na unyevu kabla haijafika kifuani.

Kesho tembea dakika 4, kimbia dakika 1, urudie mara 6, kisha upumzike keshokutwa. Siku 3 kwa wiki zinatosha. Pita njia za vumbi upande wa Kibena, ambako jua likitokeza juu ya mashamba ya chai utaona umande unavyowaka majani yote kwa pamoja, jambo ambalo katika wiki zangu zote za kufukuzwa na pikipiki sikuwahi kuinua macho nikaliona. Na ikiwa leo umeshakimbia, bonyeza muundi kwa kidole kuanzia chini ya goti hadi kwenye kifundo. Ukikuta mahali pamoja panapouma kuliko pengine, usitoke kabisa, uandike hapa leo leo.