Kabla ya Kudai Asilimia, Ulizeni Nani Atarithi Kiti

Kwa wanawake wenzangu mnaoandaa mapendekezo ya sheria ya uchaguzi, ushauri wangu ni huu: asilimia ya wagombea wanawake isiwapumbaze kabla hamjajua kiti kikiachwa wazi kitajazwa na nani. Hilo nilijifunza Kirgizia, jamhuri ya zamani ya Kisovieti huko Asia ya Kati, nilikofanya kazi na wanawake waliogombea kupitia orodha za vyama, yaani mpiga kura huchagua chama, na chama hupata viti vinavyojazwa na majina ya orodha yake.

Enzi za Muungano wa Kisovieti wanawake walitengewa takriban theluthi ya viti vya mabunge ya jamhuri, ingawa uamuzi ulibaki mikononi mwa chama. Mfumo ulipoanguka, idadi yao nayo iliporomoka, hata uchaguzi wa 2005 ukatoa bunge lisilo na mwanamke hata mmoja. Mwaka 2007 vyama vilitakiwa kuhakikisha kwamba jinsia moja haizidi asilimia 70 ya orodha, na kwamba wanawake hawarundikwi mkiani; wakapata takriban robo ya viti. Mwaka 2010 Roza Otunbayeva akawa rais.

Hata hivyo, mwalimu mmoja mstaafu alinisimulia, huku akinimiminia chai nusu bakuli kama ilivyo heshima kwao, jinsi wakubwa wa chama chake walivyomletea barua ya kujiuzulu iliyokwisha kuchapwa, ikisubiri tarehe na saini yake tu. Jina lake lilihitajika ili orodha ipite tume ya uchaguzi. Kiti chenyewe kilikuwa na mwenyewe, mwanamume aliyemfuata katika orodha. Wasomaji wa Tanzania, mliozoea viti maalumu ambavyo mwanamume hawezi kuvirithi, huenda mkashangaa, lakini sheria ile ilibana orodha na kuyaacha huru yanayofuata matokeo. Mwaka 2017 ndipo ilipobadilishwa ili mbunge mwanamke akiondoka arithiwe na mwanamke anayefuata katika orodha hiyohiyo. Kwa mabaraza ya vijiji, sheria ya 2019 ilikwenda mbali zaidi kwa kutenga viti vyenyewe, angalau asilimia 30, na kwa maoni yangu njia hii ni bora.

Basi kifungu cha urithi wa kiti kiandikwe katika rasimu ya kwanza, pamoja na adhabu kwamba orodha yenye kasoro isisajiliwe, kwa maana faini chama tajiri hulipa bila kusita. Nawe uliyeombwa jina, dai nakala ya orodha kama ilivyopokewa na tume, na usitie saini karatasi yoyote isiyo na tarehe.