Pleti kumi na mbili kwa diwani moja

Nina diwani ya kurasa 64, saizi ya A5. Nataka nakala 100 tu, lakini kiwanda cha uchapaji kinaniambia kuanza kazi ya 100 na ya 1,000 gharama ni ileile. Wananionea?

Hawakuonei. Hebu tuhesabu. Kiwanda chako kinachapa kwa ofseti, ambako maandishi huhamishiwa kwanza kwenye pleti, yaani bamba jembamba la alumini. Karatasi ya A2 inaenea kurasa 8 za A5 kila upande, kwa hiyo kurasa zako 64 za wino mweusi ni pleti 8. Jalada la rangi linataka nne: sayani, majenta, njano na nyeusi. Jumla 12. Fundi akishazifunga, anapitisha karatasi kadhaa za kutupa mpaka rangi zikae. Yote hayo unalipia kabla hujashika nakala moja. Ila mashine ikishakaa sawa inameza maelfu ya karatasi kwa saa, na kinachoongezeka ni karatasi na wino basi.

Uchapaji wa dijitali hauna pleti. Faili linatoka kwenye kompyuta hadi mashineni, na nakala ya mia bei yake ni kama ya kwanza. Nenda huko. Tena mimi ningeanza na 50, niuze, nirudi. Mashairi hayatoki kama vitumbua.

Nimeishika pleti, ni bapa kabisa. Wino unajuaje pa kukaa?

Swali tamu. Siri ni kwamba mafuta na maji hayapatani. Sehemu yenye herufi hushika mafuta, iliyo tupu hushika maji. Rola moja hulowesha pleti, nyingine hupaka wino, nao wino wa mafuta hukimbia palipolowa. Alois Senefelder alilitumia hilo kwenye jiwe huko Bavaria miaka ya 1790.

Kisha pleti haigusi karatasi. Hugusa blanketi ya mpira, na blanketi ndiyo huchapa. Ira Rubel, mchapaji wa Marekani, aliligundua hilo kwa bahati mwanzoni mwa karne ya 20: karatasi ilipokosa kuingia, wino uliganda kwenye mpira wa silinda, na karatasi iliyofuata ikachapwa na mgongoni pia. Mgongoni ndiko kulikotoka safi zaidi! Mpira hubonyea, unafika hata kwenye vishimo vya karatasi mbaya.

Kijani cha nembo yetu kinawaka kwenye simu, kwenye kipeperushi kimefifia. Kosa la nani?

La kutochapa prufu, yaani nakala ya kukagua kabla ya kazi yenyewe. Simu inatoa mwanga. Wino hautoi, na kuna rangi usizoweza kuzipata kwa wino nne. Geuza faili liwe la rangi za wino kabla ya kulipeleka. Nembo ikikataa kabisa, ofseti inaweza kuongezewa pleti ya tano yenye wino uliochanganywa maalumu.

Kadi 300 za harusi, kila moja na jina la mgeni, namba, na singo au dabo. Ofseti itaweza?

Pleti haibadilishi neno katikati ya kazi. Hiyo ni dijitali: wape orodha ya majina kwenye faili la Excel, na muikague wenyewe, maana mashine haijui kwamba Mama Mkwe kaandikwa singo. Kama kadi ni ya kukunja na ina rangi nzito kwenye mkunjo, waambie wapige krizi kwanza, yaani wabonyeze mstari wa kukunjia, la sivyo tona, ule unga wa rangi wa mashine ya dijitali, itapasuka na weupe wa karatasi utaonekana.