Hoja ya wenye ngalawa: X inakaa wapi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma ualimu, nyumbani ni Ngamiani, Tanga. Juzi pale soko la samaki la Deep Sea palizuka ubishi. Mzee mmoja alisema: "Wenye ngalawa wote wana leseni. Baadhi ya wenye leseni hawajui kuogelea. Basi baadhi ya wenye ngalawa hawajui kuogelea." Nilichora miduara mitatu nikaona hoja ni halali, yaani hitimisho linafuata lazima kutoka kauli mbili za mwanzo. Mwenzangu naye kachora, anasema si halali. Nani kakosea? Mchoro wangu nimeuambatanisha.

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Umekosea wewe. Alama yako ya X, inayoonyesha kwamba hapo yupo angalau mtu mmoja, umeitia ndani kabisa ya mduara wa ngalawa. Nani kakwambia ikae humo? Kauli mbili za mzee hazikusema. Ulishalisikia hitimisho, mkono ukalifuata.

Miduara hii, aliyoieleza Mwingereza John Venn mwaka 1880, ina sharti ambalo sisi walimu hulipitia mbiombio: unachora kauli mbili za mwanzo tu. Hitimisho huligusi. Ukishamaliza, tazama kama limejichora lenyewe.

Anza na kauli ya "wote". Tia kivuli sehemu ya mduara wa ngalawa iliyo nje ya mduara wa leseni, maana humo hamna mtu. Ndipo uje kwenye "baadhi". X yako iwe ndani ya leseni, nje ya mduara wa wanaojua kuogelea. Sasa tazama vizuri: eneo hilo lina vyumba viwili, kimoja cha wenye ngalawa, kingine cha wasio nayo, mfano wenye mashua. Vyote viwili havina kivuli. Huna ruhusa ya kuchagua, kwa hiyo X inakaa juu ya mstari unaovitenga. X ya mstarini haithibitishi kitu. Hoja si halali, hata kama kweli wapo wenye ngalawa wasiojua kuogelea.

Kama mzee bado anabisha, usimpelekee miduara. Iache hoja na umbo lake, badilisha maneno: changu wote ni samaki, baadhi ya samaki hawana magamba (kambare hao), basi baadhi ya changu hawana magamba. Akamwambie hayo mama anayepara changu hapo hapo sokoni!

Kwenye mtihani huenda ukatakiwa kutumia kanuni. Kwa hoja hii moja inatosha: kundi la kati, yaani wenye leseni, lazima lizungumziwe lote angalau mara moja. Hapa mara ya kwanza tunaambiwa tu kwamba wenye ngalawa wamo ndani yake, mara ya pili ni "baadhi". Halikuzungumziwa lote hata mara moja.

Hoja za namna hii, za kauli mbili na hitimisho, zina maumbo 256. Ukikuta kitabu kimoja kinahesabu maumbo halali 24 kati ya hayo na kingine 15, usidhani pamekosewa chapa. Hesabu ya 24 huchukulia kwamba kila kundi linalotajwa lina mtu ndani. Ile ya 15 haikubali: ukisema "mazimwi yote ya Amboni yana pembe" hujasema kwamba zimwi lipo.

Linaloniudhi zaidi ni kukanusha, na hapa Kiswahili chetu kinataka uangalifu. "Si wenye leseni wote wanaojua kuogelea" maana yake baadhi hawajui. "Wenye leseni wote hawajui kuogelea" mmoja ataelewa hakuna anayejua, mwingine ataelewa si wote wanaojua. Kabla ya kushika kalamu andika upya: "hakuna mwenye leseni anayejua kuogelea", au "baadhi ya wenye leseni hawajui". Mzee angesema hiyo ya "hakuna", ungetia kivuli pale leseni na kuogelea zinapokutana, na kauli yake ya kwanza ingekupa bila kubahatisha kwamba hakuna mwenye ngalawa anayejua kuogelea. Hapo hoja ingekuwa halali, ila nadhani angefukuzwa sokoni.