Maswali ya wasomaji: vimelea vya damu na vya tumboni

Mtoto alimaliza dawa ya mseto wiki mbili zilizopita, homa imerudi. Zahanati kipimo cha haraka kimesema ana malaria, hospitali slaidi imesema hana. Nishike lipi? (Mama, Kyela)

Pole kwa kuuguza, mama. Kwa wiki hizi shika slaidi, yaani damu iliyopakwa kwenye kioo na kuangaliwa kwa hadubini, mradi imesomwa kwa utulivu. Kipimo cha haraka hakimtafuti mdudu mwenyewe, kinatafuta protini yake, na protini hiyo hubaki kwenye damu wiki kadhaa hata wadudu wakiwa wamekufa wote. Ila homa ina sababu yake: mrudishe aangaliwe kifua, masikio na mkojo. Ikiendelea, slaidi irudiwe baada ya saa 12 hadi 24, kwani moja isiyo na kitu haitoshi kuifuta malaria.

Makete ni baridi. Malaria ya huku inatoka wapi? (Makete)

Mara nyingi inapanda na gari. Unalala Kyela au Mbarali, mbu anakuuma, homa inaanza siku 7 hadi 14 baadaye au zaidi, umesharudi kwenye baridi. Mwambie daktari ulikotoka, la sivyo atawaza nimonia kwanza.

Kila nikipima choo naambiwa nina amiba. Nameza metronidazoli, nikipima tena wapo. Kwa nini hawaishi? (Mafinga)

Huenda hujawahi kuwa na amiba anayedhuru. Utumboni wanaishi wa aina kadhaa, wengi hawana shida na mtu. Anayechimba vidonda ni Entamoeba histolytica. Ana pacha wake asiyedhuru, Entamoeba dispar, na chini ya hadubini vifuko vya hao wawili (amiba aliyetulia ndani ya ganda) havitofautiki hata kwa jicho la mzoefu. Yuko pia Entamoeba coli: tia tone la iodini uhesabu viini. Kifuko chake kilichokomaa huwa na viini 8, cha histolytica 4. Mpimaji mwenye haraka hudanganywa hata na chembe za usaha.

Ushahidi wenye uzito ni kumwona amiba hai, anayetembea nje ya ganda, aliyemeza chembe nyekundu za damu, hasa choo kikiwa na damu na kamasi. Kwa hiyo ukipewa majibu, uliza: mmeona amiba hai au kifuko? Ana damu ndani? Inaniuma kuona watu wanamezeshwa dawa mwaka mzima kwa sababu ya neno moja kwenye karatasi. Na hata ukiwa naye kweli, metronidazoli peke yake haimalizi vifuko vya utumboni, ndiyo maana daktari huongeza dawa ya pili.

Naweza kuleta choo cha jana usiku? (Iringa mjini)

Cha kuharisha, hapana. Kifike maabara ndani ya nusu saa. Giardia, kimelea kingine cha kuharisha, akiwa hai ana viini viwili na hutembea akipepesuka kama jani linalodondoka. Choo kikikaa anakufa, mwendo unapotea, tunabaki kuwinda vifuko. Choo kigumu kinaweza kusubiri kwenye friji. Usikichanganye na mkojo. Tena giardia hatoki kila siku, hivyo leta sampuli 3 za siku tofauti ndani ya siku 10. Mwenye VVU aliyeharisha wiki nyingi aombe pia rangi maalumu ya kutafuta kriptosporidiamu, kimelea kingine cha kuharisha. Ana mikromita 4 hadi 6 tu, na kwenye kipimo cha kawaida hupita bila kuonekana.

Natembeza wageni Ruaha. Mbung'o kaniuma shingoni, pamevimba kidonda na nina homa. Nisubiri? (Iringa)

Usisubiri, nenda leo, ndugu yangu. Malale ya Tanzania, ya kimelea aina ya rhodesiense, hukimbia kwa wiki, si kwa miaka. Damu mbichi ikiwekwa chini ya hadubini, mdudu huonekana akijipinda na kuzisukuma chembe nyekundu. Anaweza kunaswa hata kwenye slaidi ya malaria, lakini mpimaji lazima ajue anamtafuta nani. Kabla hujachomwa sindano ya kutolewa damu, mwambie mtaalamu wa maabara kwamba umetoka Ruaha na umeumwa na mbung'o.